Kupeleka Mtaji Kijijini: Mafunzo ya Kisiwa cha Rukuba



Katika familia nyingi za Kiislamu za mijini, mazungumzo ya akiba siku hizi huishia mahali pamoja, nako ni kijijini. Mmoja amepokea kiinua mgongo baada ya miaka mingi ya utumishi. Mwingine ana faida kidogo ya duka. Wa tatu ana kijana wake Maskati anayetaka fedha zake zifanye kazi badala ya kulala. Riba hawaitaki, na kiwanja cha mjini kimewazidi bei. Basi hutokea mtu katika kikao cha familia akasema: tukanunue shamba, tuweke mtu wa kulima, sisi tutakuwa tunafuatilia kwa simu.

Wazo hilo lina kheri ndani yake. Lakini kilimo cha simu kimeteketeza akiba za watu wengi na kimevunja udugu wa watu wengi zaidi. Aliye mjini huona ameibiwa, aliye kijijini huona amenyonywa, na mara nyingi kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kwa hiyo leo tumeona tulitazame jambo hili kwa kituo, tukichukua mfano wa mahali pamoja padogo: Kisiwa cha Rukuba, ndani ya Ziwa Victoria, mkoani Mara. Yaliyo Rukuba yako pia, kwa kiasi kikubwa, katika vijiji vya pwani ya Musoma na Bunda. Na mambo ya ardhi na mikataba tutakayoyaeleza yanamhusu vilevile anayekwenda Butiama, mbali na maji.

Mahali penyewe

Rukuba ni kijiji cha kisiwani katika Kata ya Etaro, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Hakuna daraja wala barabara ya kukifikia. Mtu huvuka kwa boti au mtumbwi. Mfuko wa saruji, debe la mbegu, daftari la mwanafunzi na mgonjwa wa usiku, vyote hupita majini. Hili peke yake ni somo la kwanza la mwekezaji. Bei ya kitu Musoma mjini si bei yake Rukuba, na zao linalouzwa vizuri mjini lina nauli yake ya kutoka kisiwani. Asiyeiweka nauli katika hesabu zake tangu mwanzo ataikuta mwishoni, imekwisha kula faida.

Watu wa visiwa na pwani hiyo huishi kwa mikono miwili, mmoja ziwani na mmoja shambani. Ziwani kuna dagaa, sangara na sato. Shambani kuna mihogo, viazi vitamu, mahindi na mtama. Mikono hiyo hutegemeana. Ziwa likinyima, familia hula shamba. Mvua zikikatika, dagaa hununua unga. Mwenye mtaji anayefika na kuuona mkono mmoja tu, akamtaka mkulima wake asiende ziwani kabisa, au akamtaka mvuvi wake asilime, anaivunja kinga ambayo wenyeji wameijenga kwa vizazi. Ni vyema akajua tangu siku ya kwanza kuwa mshirika wake ni mtu mwenye kazi mbili, na ratiba ya shamba ipangwe kwa kuufuata ukweli huo.

Ratiba yenyewe haina siri. Pwani ya Mara ina misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, na vuli inayoanza kuelekea mwisho wa mwaka. Dagaa nao wana kalenda yao, na Muislamu ataitambua haraka, kwa kuwa ni kalenda ya mwezi mwandamo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za umeme wa jua, na taa hufanya kazi penye giza. Mwezi unapokuwa mpevu, katika zile siku za kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano na zinazozizunguka, mwanga wake huishinda taa, na wavuvi hupumzika nchi kavu. Hizo ndizo siku ambazo nguvu kazi ya kijiji hupatikana kwa palizi na kwa ujenzi. Mtu wa mjini anayejua hili hatatuma fedha ya vibarua wakati vijana wote wako majini.

Ardhi ya kijiji haina mlango wa nyuma

Kosa linaloongoza ni la kununua ardhi kwa kupeana mikono. Muuzaji anaonyesha mipaka, mwenyekiti wa kitongoji anaweka sahihi kwenye karatasi ya daftari, fedha zinahesabiwa, na mnunuzi anarudi mjini akiamini ana shamba. Miaka miwili baadaye anatokea ndugu wa muuzaji, au mjane, au kijiji chenyewe, na karatasi ile haina la kusema.

Hapa nchini ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya vijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kwa sheria hiyo msimamizi wa ardhi ni Halmashauri ya Kijiji, nayo haigawi ardhi bila ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Haki ya mwanakijiji juu ya shamba lake inaitwa hakimiliki ya kimila, na ina hati yake. Hati hiyo ina nguvu sawa na hati ya mjini, na ndiyo ya kuulizwa kabla ya kuulizwa bei.

Sheria hiyo pia haimtazami mgeni kama mwenyeji. Asiye mkazi wa kijiji anapohamishiwa haki ya ardhi, ni lazima Halmashauri ya Kijiji iidhinishe, na anatakiwa awe na nia ya kuishi humo, au kufanya kazi humo, au kuendesha shughuli humo. Tuitafakari hekima ya sharti hilo. Sheria imekataa ardhi ya kijiji igeuzwe akiba ya watu wasioonekana. Inamtaka mtu aje, au shughuli yake ije.

Na asiye raia wa Tanzania, hata kama alizaliwa Zanzibar na kukulia Oman, hamiliki ardhi ya kijiji kwa njia hii. Ndugu wenye uraia wa nje ambao humwandikisha jamaa yao shamba kwa jina la bandia wanajitafutia mtihani: siku jamaa huyo akifariki, shamba litahesabiwa katika mirathi yake, na warithi wake hawatakuwa na habari ya makubaliano ya faraghani.

Kumbukumbu ya mkoa huu inaongeza uzito wa jambo. Mwaka 1974 Operesheni Mara ilihamisha watu wengi kutoka katika maboma yao ya asili na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Familia ziliacha makaburi, miti na mashamba, zikapewa maeneo ambayo nayo yalikuwa na wenyewe wa zamani. Ndiyo maana kipande cha ardhi katika Mara kinaweza kuwa na wadai wa aina mbili, wa kabla ya operesheni na wa baada yake, na wote wakazungumza kwa nia safi. Mnunuzi mwenye busara huwauliza wazee kabla ya kumuuliza muuzaji: hapa palikuwa pa nani kabla ya vijiji? Yamepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim maonyo makali ya Mtume (S.A.W.) kwa anayejitwalia ardhi ya mtu kwa dhulma, hata ikiwa ni ya upana wa shubiri moja. Kuuliza maswali ya namna hiyo ni sehemu ya kujikinga.

Kwa kisiwa kama Rukuba kuna kipimo kingine kisichosamehe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kipande kizuri cha ufukweni, chenye upepo na mandhari, ndicho hasa ambacho mtu huuziwa na ndicho ambacho haruhusiwi kujenga. Na ziwa lenyewe limeshatoa ushahidi wake. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, yakameza mialo, nyumba na mashamba katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Mwenye mtaji na mwenye jembe

Ardhi ikishapatikana kwa njia ya halali, linakuja swali zito zaidi: ni nani atakayelima, na kwa mapatano gani? Hapa ndipo fiqhi yetu ina utajiri ambao wengi hatuutumii.

Ibn Umar (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu wa Khaybar ardhi yao waihudumie kwa mapatano ya nusu ya matunda na mazao yatakayotoka. Ilikuwa mwaka wa 7 Hijria, na watu wale hawakuwa Waislamu. Kwa upande mwingine, Rafi bin Khadij (R.A.) ameeleza kuwa watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba kwa sharti kwamba mazao ya upande huu ni ya mwenye ardhi na ya upande ule ni ya mlimaji, pengine upande mmoja ulitoa na mwingine ukakauka, na Mtume (S.A.W.) akawakataza. Katika mapokezi haya mawili mna kanuni nzima: kugawana kwa fungu, kama nusu au theluthi ya kinachopatikana, wote wakasimama pamoja katika mvua na katika ukame. Kujiwekea kiasi maalumu, au kona yenye rutuba, ni kumwachia mwenzako hasara peke yake.

Wanavyuoni walihitilafiana juu ya mkataba huu uitwao muzaraa. Imamu Abu Hanifa hakuuruhusu, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, waliuruhusu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, kauli mashuhuri inaukataa ukisimama peke yake. Hata hivyo maimamu wakubwa wa madhehebu hayohayo, akiwamo Ibn al-Mundhir na al-Khattabi, waliujuzisha, na Imamu Nawawi akaichagua kauli hiyo katika kitabu chake Rawdhat al-Talibin. Anayetaka kujiepusha na hitilafu ana njia nyepesi: akodi ardhi kwa fedha zinazojulikana, au aajiri mlimaji kwa ujira unaojulikana.

Tuweke hesabu ya kufikirika ili jambo liwe wazi. Tuseme shamba la mahindi limetoa magunia 20, na mapatano ni nusu kwa nusu: kila mmoja ana 10. Mwaka wa pili mvua imekatika, limetoa magunia 6: kila mmoja ana 3, wote wameumia, udugu umebaki. Sasa tuseme mwenye mtaji alikuwa amejiwekea magunia 8 kila msimu, liwake jua au inyeshe mvua. Mwaka wa ukame atachukua yote 6 na kudai 2, na mlimaji atakuwa amefanya kazi msimu mzima ili awe na deni. Mtu huyo hatabaki mwaminifu kwa muda mrefu, na si haki kumlaumu yeye peke yake.

Jambo hili si letu sisi tu. Indonesia, nchi yenye mamilioni ya wakulima Waislamu, imeishi nalo kwa karne nyingi. Watu wa Java wana majina ya kila mgawanyo: maro ni nusu kwa nusu, mertelu ni wa mafungu matatu. Mwaka 1960 nchi hiyo ilitunga sheria ya kugawana mazao inayotaka mapatano yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji, na yadumu si chini ya misimu mitatu ya mwaka kwa mashamba ya mpunga na mitano kwa ardhi kavu, ili mlimaji asifukuzwe mara tu shamba linapoanza kutoa. Sheria ya ardhi ya nchi hiyo ya mwaka huohuo nayo ilimnyima mgeni umiliki kamili. Aidha, tangu mwaka 1905, enzi za Waholanzi, familia za Java zilihamishiwa Sumatra kufungua makazi mapya ya kilimo, na baada ya uhuru mpango huo ukapanuliwa. Ulifanikiwa pale wahamiaji walipoelewana na wenyeji, na uliacha uhasama pale ardhi ya wenyeji ilipohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Mzee wa Mara aliyeiona mwaka 1974 angeielewa habari hiyo bila mkalimani.

Miezi ya njaa ndiyo mtihani

Mkataba mzuri wa karatasi unaweza kushindwa na jambo moja dogo: mlimaji anakula nini kabla ya mavuno?

Chukueni muhogo, zao linalofaa sana pwani ile kwa kuwa huvumilia ukame. Ukipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari moja huchukua takriban mashina 4,000. Lakini hukaa ardhini miezi tisa hadi kumi na miwili, na aina nyingine hata zaidi. Katika muda huo mlimaji ana watoto, ana ada, ana wagonjwa. Mwenye mtaji akiisha kununua pingili na kulipia kulima, hujiona amemaliza. Mwezi wa sita mlimaji anaanza kung'oa shina moja moja, kisha anampata mlanguzi anayelinunua shamba likiwa bado changa, kwa bei ya kutupa. Mwenye mtaji anapofika na gari la kubebea, anakuta matuta matupu. Anaita wizi, na kweli mali yake imeliwa. Lakini mlango wa wizi huo aliuacha wazi yeye mwenyewe aliposahau kuwa mshirika wake ana tumbo.

Dawa ni kuandika posho ya miezi ya kungoja ndani ya mkataba: ama iwe gharama ya shamba inayotolewa kabla ya kugawana, ama iwe mkopo unaorudi kama ulivyo bila nyongeza. Ikiwa mkulima anahitaji fedha mapema kwa mazao yake mwenyewe, sharia imefungua mlango wa salam: mnunuzi analipa bei yote leo, na mkulima anaahidi kipimo kinachojulikana, cha sifa zinazojulikana, kwa muda unaojulikana. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakifanya hivyo kwa tende, akawawekea masharti hayo. Kilichokatazwa ni kununua mazao ya shamba fulani kabla hayajaonekana kukomaa, kwani yakiharibika mmoja atakuwa amekula mali ya ndugu yake bure.

Mbegu nazo zitazamwe. Muhogo wa Kanda ya Ziwa una maadui wawili wakubwa, batobato na michirizi ya kahawia. Michirizi ina hila: shina linaweza kuonekana zima huku kiazi kimeoza ndani. Pingili za kuomba kwa jirani huhamisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, na zikiingia kisiwani si rahisi kuutoa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mbegu zinazostahimili, na Taasisi ya Uthibitishaji wa Ubora wa Mbegu hukagua mashamba ya wazalishaji. Mwenye kutaka udaga mzuri aanzie hapo.

Ziwa si benki

Wengine huvutwa na ziwa kuliko shamba. Ni kweli dagaa wana soko pana. Kutoka mialo ya Mara hufika Soko la Kirumba jijini Mwanza na kuendelea hadi nchi jirani. Katika uvuvi wa ziwa hili mgawanyo wa mafungu umezoeleka tangu zamani: mafuta na chakula hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye chombo na mabaharia. Huo ni ushirika wa haki ukiandikwa na kuhesabiwa kila siku, wala si mwisho wa msimu ambapo kila mtu anakumbuka lake.

Lakini ziwa lina historia ya kuwaadhibu wanaolitegemea peke yake. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na miaka ya 1990 minofu yake ikawa dhahabu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, mapato ya watu wa mialo yalikatika bila wao kuulizwa. Tangu hapo samaki wamepungua kwa wingi wa nyavu na kwa makokoro na timba zinazozoa hata wachanga. Anayetoa fedha ya kununua zana haramu, hata kama hajawahi kuushika mtumbwi, ni mshirika katika kuila akiba ya watoto wa kisiwa.

Ufugaji wa samaki katika vizimba umekuja kama njia mbadala, na mwaka 2024 Serikali iligawa vizimba na boti kwa mkopo kwa wavuvi wa ukanda huu. Ni kazi ya kitaalamu: chakula cha samaki ndicho hula sehemu kubwa ya gharama, vibali vinahitajika, na ulinzi ni wa usiku na mchana. Familia isiyo na mtu wake wa kukaa pale isiianze.

Kuishi pale

Tumesema sheria inapenda anayewekeza kijijini awe na mguu wake kijijini. Basi na anayehamia na familia ajue mambo matatu.

La kwanza ni maji. Ziwa linaonekana safi na watoto hulipenda, lakini kichocho kimeenea sana katika mwambao wa Ziwa Victoria. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua ukingoni. Kisima au maji ya bomba ndiyo bora. Yakikosekana, maji yatekwe na kuwekwa siku mbili kabla ya kuogea, na ya kunywa yachemshwe. Choo kizuri ni kinga ya kijiji kizima, maana ugonjwa huo huanzia pale uchafu wa mtu unapofika ziwani. Watoto wapelekwe kupimwa na kupewa dawa.

La pili ni safari. Taifa halijasahau MV Bukoba ya Mei 1996, wala MV Nyerere iliyozama Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, watu 228 wakafa. Vyombo vidogo havihesabiwi katika magazeti, lakini navyo huua. Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu wa familia liwe katika bajeti kabla ya mabati ya nyumba, na asipande mtu chombo kilichojazwa kupita kiasi kwa sababu ya haya.

La tatu ni ujirani. Mgeni mwenye mtaji huangaliwa. Akichimba kisima na kukifungia, ameanza vibaya, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Akihudhuria mkutano wa kijiji, akachangia darasa na zahanati kama wengine, shamba lake litalindwa na macho ya kijiji kizima bila ya kulipa mlinzi.

Jina la nani?

Tumeliacha mwisho jambo linalovunja nyumba. Fedha zimechangwa na mume, mke, dada na mtoto aliye ng'ambo. Hati imeandikwa jina la kaka mkubwa. Akifariki, nani atathibitisha fungu la nani? Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika mambo kama haya na kuweka mashahidi. Familia iandike ushirika wake: nani ametoa kiasi gani, faida itagawanywaje, na hasara ifuate fungu la kila mmoja katika mtaji.

Kina mama wasisahauliwe, kwani palizi, kumenya mihogo na kuanika dagaa kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono yao. Sheria ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki ardhi. Na Suratun Nisaa ilishawapangia binti, mke na mama mafungu yao karne nyingi kabla. Anayenunua shamba kwa mjane aliyeshinikizwa na shemeji zake anunue akijua anachokinunua. Mgogoro ukitokea, kijiji kina Baraza la Ardhi la wajumbe saba, watatu wao wanawake, kazi yake kupatanisha kabla ya kufika mbali.

Na mavuno yakipatikana, haki ya wengine iko ndani yake. Nafaka ikifika wasaki tano, ambazo wanavyuoni wa zama hizi wanazikadiria kuwa kama kilo 653, hutolewa sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua, na nusu ya hiyo kwa shamba la kumwagilia kwa gharama. Katika madhehebu ya Shafi zaka hiyo iko katika vyakula vikuu vinavyohifadhika. Imamu Abu Hanifa ameipanua kwa mazao ya ardhi kwa jumla. Maskini wa kwanza kufikiriwa ni wa kijiji kilekile.

Kwa ufupi, ndugu wasomaji, utaratibu wa mwenye nia ni huu. Nenda mwenyewe, kaa msimu mmoja kama mgeni kabla ya kununua. Waulize wazee, kisha Halmashauri ya Kijiji, kisha bei. Pima mita 60 zako. Andika mapatano na mlimaji kwa fungu, kwa miaka kadhaa, na posho ya miezi ya kungoja ikiwamo. Andika majina ya wote waliochanga. Anza na ekari moja. Shamba dogo lenye haki hukua, na kubwa la dhulma huliwa na kesi.

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa Muislamu hapandi mti wala hapandi mbegu, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki juhudi za familia zetu, awape kheri watu wa Rukuba na wa vijiji vyote vya ziwa, na atuepushe na chumo la dhulma.

Wabillahi tawfiq.